Suárez Hakutuibia

Najua kichwa hicho kitawaudhi wengi. Waafrika waliotazama robo fainali ya Kombe la Dunia usiku wa tarehe 2 Julai 2010 bado wanamwita Luis Suárez wa Uruguay mwizi, na ukikaa kwenye kijiwe chochote cha mpira ukasema vinginevyo, utaulizwa kama kweli wewe ni wa bara hili. Mimi ni wa bara hili na usiku ule niliumia kama wengine. Ila msimamo wangu ni kwamba Suárez alivunja sheria, hakuiba. Kwa kuyachanganya mambo hayo mawili tumekuwa tukimzomea mtu ambaye deni lake alishalilipa, huku wenye uwezo wa kurekebisha mambo wakiwa wametulia ofisini.

Turudi Soccer City, Johannesburg. Ghana 1, Uruguay 1. Sulley Muntari alifunga kwa shuti la mbali sekunde chache kabla ya mapumziko, Diego Forlán akasawazisha kwa mpira wa adhabu kipindi cha pili. Sasa dakika 120 zinaisha. John Paintsil anapiga faulo kuelekea langoni, inatokea piga nikupige, Stephen Appiah anaachia shuti, Suárez aliyesimama kwenye mstari anaokoa kwa mguu. Mpira unarudi juu, Dominic Adiyiah anaupiga kichwa, na kipa Fernando Muslera keshapitwa. Suárez anaupangua kwa mikono miwili utadhani yeye ndiye aliyevaa glovu. Jorge Fucile, aliyekuwa pembeni yake, naye alikuwa amenyoosha mkono. Mwenzake alimuwahi tu.

Mwamuzi Olegário Benquerença wa Ureno hakupitwa na kitu. Penalti, kadi nyekundu. Asamoah Gyan akapiga, mpira ukagonga mtambaa panya, ule mwamba wa juu wa goli, ukapaa. Kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti ya kumpata mshindi, Gyan huyohuyo alipiga la kwanza la Ghana akafunga, jambo linalohitaji moyo kuliko tunavyompa sifa, lakini mikwaju ya John Mensah na Adiyiah ikapanguliwa na Sebastián Abreu akamaliza kazi kwa kuudokoa mpira taratibu katikati ya goli. 4-2. Afrika ikasubiri hadi Morocco mwaka 2022 kuiona timu yake nusu fainali.

Hayo kila mtu anayakumbuka. Ambalo halitajwi sana ni lililotokea siku 13 kabla yake, Rustenburg, kwenye kombe hilohilo. Ghana ilikuwa nyuma kwa 1-0 dhidi ya Australia. Jonathan Mensah akapiga shuti, Harry Kewell akiwa kwenye mstari wa goli mpira ukamgonga mkononi. Penalti, kadi nyekundu, na mpigaji ni Asamoah Gyan. Akafunga. Mechi ikaisha 1-1, na Ghana ikafuzu kwa tofauti ya magoli mbele ya Australia hiyohiyo.

Kewell alilalamika kwamba hakukusudia, na pengine kweli mkono wake ulikuwa umebana mwilini. Lakini mfumo wa tukio ni uleule: mpira unaoingia golini, mkono wa mchezaji wa ndani (asiye kipa), kadi nyekundu, tuta, Gyan. Umewahi kumsikia mtu Accra au Dar es Salaam akimwita Kewell mwizi wa Afrika? Mimi bado. Basi hasira yetu kwa Suárez haitokani na mkono. Inatokana na mtambaa panya.

Kipimo ninachotumia mimi ni swali moja: je, ulichofanya kinahitaji refa adanganyike ndipo kikufae? Kama jibu ni ndiyo, umeiba. Kama ulifanya hadharani, refa akakuona, ukapewa adhabu iliyoandikwa na ukaibeba, basi wewe ni mvunja sheria wa kawaida, hata kama matokeo yake yamenitia uchungu. Suárez hakujifanya kuwa mpira ulimgonga kifuani akamshawishi refa aamini hivyo. Alitoka uwanjani akilia, akaikosa nusu fainali dhidi ya Uholanzi, ambayo Uruguay ilifungwa 3-2.

Mlinganishe na Thierry Henry wa Ufaransa. Tarehe 18 Novemba 2009, Stade de France, mechi ya mchujo dhidi ya Ireland ya kwenda hukohuko Afrika Kusini. Henry aliutuliza mpira kwa mkono mara mbili, akampa William Gallas, goli. Goli lile lisingekuwepo kama refa Martin Hansson angeona. Baada ya mechi Henry alikiri, na baadaye akasema kurudia mechi ndiyo ingekuwa haki, lakini filimbi ilipolia kuashiria goli alikwenda kushangilia. Ireland ikabaki nyumbani. Huo kwangu ni wizi, na sioni aibu kuusema ingawa Henry alikuwa mchezaji wa kupendeza kuliko Suárez kwa kila namna nyingine.

Goli la mkono la Maradona mwaka 1986, lililokubaliwa na Ali Bennaceur wa Tunisia, limo kwenye kapu hilohilo. Tumelipamba kwa hadithi hadi limekuwa kama sanaa. Rivaldo wa Brazil naye yumo: kwenye Kombe la Dunia la 2002 huko Ulsan, Hakan Ünsal wa Uturuki alimpigia mpira ukamgonga mguuni, yeye akaanguka ameshika uso. Ünsal akatolewa kwa kadi nyekundu. FIFA ilimtoza Rivaldo faranga 11,500 za Uswisi, pesa ambayo kwa mchezaji wa kiwango chake ni kama nauli ya daladala. Akabaki kwenye mashindano na akatwaa kombe.

Mwisho kabisa wa njia hiyo yupo Roberto Rojas, kipa wa Chile. Tarehe 3 Septemba 1989 uwanjani Maracanã, timu yake ikiwa nyuma kwa 1-0 dhidi ya Brazil, fataki ilirushwa kutoka jukwaani ikaangukia karibu yake. Rojas akalala, akainuka uso umetapakaa damu. Wenzake wakambeba wakatoka naye wakakataa kurudi. Picha zikaonyesha fataki haikumgusa. Alijikata mwenyewe kwa wembe aliouficha kwenye glovu. Chile ikafungiwa kushiriki Kombe la Dunia la 1994 na yeye akafungiwa maisha, adhabu iliyoondolewa mwaka 2001. Kujiangusha kwenye boksi na wembe wa Rojas vimetofautiana kwa ukubwa tu. Vyote vinamwandikia refa ushahidi wa uongo.

Kipimo changu kina tundu, na najua mtu atalitaja: Gijón. Kwenye Kombe la Dunia la 1982 nchini Hispania, Algeria iliifunga Ujerumani Magharibi 2-1, ikamaliza mechi zake za kundi tarehe 24 Juni kwa kuifunga Chile. Kesho yake Ujerumani Magharibi na Austria waliingia uwanjani wakijua kwamba ushindi mwembamba wa Wajerumani unawavusha wote wawili. Horst Hrubesch alifunga mapema, halafu kwa dakika kama 80 watu wazima 22 wakapasiana mpira hadi mashabiki wa Algeria wakapunga noti majukwaani. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hakuna refa aliyedanganywa. Na bado ni uchafu mkubwa kuliko yote niliyotaja ukiondoa ule wa Rojas. Jibu langu ni kwamba pale hapakuwa na mechi kabisa. Waliodhulumiwa walikuwa watu wa tatu, yaani Algeria, wasio na hata nafasi ya kugusa mpira. Suárez walau alimwachia Gyan mpira, mita 11, na kipa mmoja.

Lakini Gijón inanipeleka kwenye hoja yangu kubwa. Baada ya aibu ile, utaratibu ulibadilishwa: mechi za mwisho za kundi sasa huanza kwa wakati mmoja. Mpira hujirekebisha ukitaka. Siku tano tu kabla ya mkono wa Suárez, huko Bloemfontein, shuti la Frank Lampard dhidi ya Ujerumani liligonga mwamba likadunda ndani kabisa ya mstari, refa akapeta, goli halikuhesabiwa. England ikafungwa 4-1. Kufikia Julai 2012 bodi inayotunga sheria za soka, IFAB, ilikuwa imeidhinisha teknolojia ya mstari wa goli. Kipa wa Argentina Emiliano Martínez alipowavuruga wapigaji wa Ufaransa kwenye matuta ya fainali ya 2022, mwaka uliofuata sheria ya penalti iliongezewa maneno ya kuwabana makipa.

Ghana je? Penalti na kadi nyekundu, vilevile kama mwaka ule. Kwenye bodi hiyo England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana kura moja kila mmoja, FIFA ina nne, na jambo likitaka kupita lazima lipate kura sita. Sisemi kuna njama. Nasema walioumia na Lampard wana kiti mezani, walioumia na Suárez wanawakilishwa na kiti cha watu wote.

Pendekezo si geni. Kwenye raga, mwamuzi akiona faulo imezuia alama ambayo ingepatikana, huitoa alama yenyewe. Soka lingeweza kufanya hivyo kwa tukio moja tu, finyu kabisa: mchezaji asiye kipa amezuia kwa mkono, kwa makusudi, mpira uliokuwa unavuka mstari. Goli lihesabiwe. Wapinzani watasema refa hawezi kutoa goli ambalo halikuingia. Kwa shuti la mita 20 nawaelewa. Kwa mpira uliokuwa sentimita chache kutoka mstarini, nyuma yake pakiwa na nyavu tu, na VAR, mfumo wa waamuzi wa video, ikiwa na kamera kila kona, siwaelewi. Watunga sheria wenyewe wamekuwa wakizigeuzageuza adhabu hizi: mwaka 2016 walipunguza makali kwa beki anayemwangusha mtu ndani ya boksi akiwania mpira, na mwaka 2024 wakailegeza kwa mkono usio wa makusudi. Bei ya kosa inajadiliwa kila mara, ila upande wa kuishusha.

Na bei ikiwa rahisi, mtu mwenye akili atanunua. Beki wa Italia Giorgio Chiellini alimkamata Bukayo Saka wa England kwenye kola ya jezi, Wembley, fainali ya Euro iliyochezwa Julai 2021, akamvuta hadi chini. Kadi ya njano. Italia ikashinda kwa matuta. Ningekuwa kocha wa Chiellini ningempongeza, na ningekuwa mtunga sheria nisingelala.

Hapa sizungumzii figisu za nje ya uwanja, kama ule mvutano wa mazoezi ulioishia kuahirishwa kwa dabi ya Kariakoo, Yanga na Simba, ya tarehe 8 Machi 2025. Hizo zinahitaji makala yake. Nabaki ndani ya mistari, na nikibaki hapo kipimo changu kinawageukia watu tunaowapenda.

Makipa wetu. Timu inaongoza 1-0 ugenini, dakika ya 80 na kitu, kipa anadaka krosi nyepesi ambayo hakuna aliyemgusa, anajilaza. Anashika goti. Anabadilisha, anashika mgongo. Refa anaita madaktari, na wachezaji kumi wote wanakimbilia kwa kocha wao kunywa maji na kupewa maelekezo. Dakika tatu baadaye amepona kabisa na anapiga mpira hadi nusu ya pili. Mashabiki wa upande wake wanacheka na kumwita mzoefu. Huyu anamdanganya refa, basi: anamwambia ameumia na hajaumia. Kwa hesabu zangu yuko upande wa Henry na Rivaldo, hata akiwa na jezi ya timu yangu.

Anaweza kufanya hivyo kwa sababu mchezaji wa ndani akitibiwa uwanjani kwa kawaida lazima atoke kwanza ndipo aruhusiwe kurudi, lakini kipa hatoki. Sheria mpya iliyoanza msimu wa 2025/26, ya sekunde nane kisha kona, inambana akiwa na mpira mikononi. Akilala, saa yake haihesabiwi. Dawa yangu ni hii: kipa akitibiwa, kocha achague mchezaji mmoja wa ndani akae nje dakika mbili kwa niaba yake, na wale wengine wabaki kwenye nafasi zao bila kusogelea benchi. Kipa aliyeumia kweli hatakosa daktari. Hao wengine nadhani watapona kabla machela haijavuka mstari.