Kwani Sisi ni Waswahili?

Katika likizo ya Desemba iliyopita, mpwa wangu mwenye umri wa miaka tisa aliletwa kukaa wiki mbili kwa bibi yake Magomeni, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma, ambayo marehemu baba aliijenga kabla sijazaliwa. Nilipokwenda kuwajulia hali siku ya tatu, nilimkuta binti huyo amesimama mlango wa uani akiwatazama wapangaji waliopanga ndoo zao kwenye foleni ya bomba, akaniuliza kwa sauti ya chini: “Mjomba, kwani hawa Waswahili wote wanakaa nyumba moja?”

Mtoto huyo ni Mzaramo kwa bibi yake na Mndengereko kwa babu yake. Baba yake amezaliwa Kilwa, na lugha ya kwanza kumtoka kinywani ni Kiswahili. Kama yupo mtu anayestahili kuitwa Mswahili, basi ni yeye. Hata hivyo, alichokiona pale uani ni ndoo, choo cha kushirikiana na majiko ya mkaa yaliyowekwa mlangoni mwa kila chumba, na kwake yeye vitu hivyo ndivyo vinavyomfanya mtu awe Mswahili. Sikumlaumu, kwa sababu neno alilolitumia amelikuta likiwa limekwisha kugeuzwa maana na watu wazima, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika katika jiji hili hili la Dar es Salaam.

Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka 1914 kanuni zao za ujenzi ziliugawa mji katika kanda tatu, mgawanyo ambao Waingereza waliuendeleza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kinachonishangaza katika kanuni za namna hiyo ni adabu yake ya juu juu: zilizungumzia aina ya nyumba, yaani wapi ijengwe nyumba ya namna ya Kizungu na wapi panaruhusiwa nyumba ya miti na udongo, kana kwamba rangi ya mwenye nyumba haikuwa na uzito wowote. Wenyeji hawakudanganyika. Walizipa kanda hizo majina yake ya kweli, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukabaki wazi katikati kama pengo la kuwatenganisha Waafrika wa Kariakoo na Wahindi na Wazungu wa upande wa bandarini. Kwa njia hiyo, jina la watu wa mwambao waliokuwa na miji, mashairi na uungwana wao likawa jina la mtu yeyote, awe Mnyamwezi, Mmanyema au Mzaramo, aliyeruhusiwa kujenga kwa udongo tu. Ukikaa huko, wewe ni Mswahili.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, ubaguzi wa rangi ulipoteza ulinzi wa serikali, lakini nyumba zilibaki palepale zilipojengwa. Waafrika walioteuliwa kushika nafasi za Wazungu walihamia Oyster Bay, katika majumba yenye vyumba vya watumishi nyuma, na watu wa mtaani wakawaita naizesheni, kutoka neno la Kiingereza “Africanization”, kwa dhihaka ambayo vijana wa leo hawaijui tena. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijaribu kuwazuia wasigeuke tabaka: kiongozi alikatazwa kuwa na mishahara miwili na kuwa na nyumba ya kupangisha, na sote tukaitana ndugu. Mwaka 1971 serikali ikayataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Wahindi, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Kisha mwaka 1991 likaja Azimio la Zanzibar, masharti ya uongozi yakalegezwa, na sasa hata diwani ukimwita ndugu anakutazama kama umemtukana.

Katika miaka hiyo yote neno Uswahilini halikufa. Uzunguni ilipokosa Wazungu iligeuka kuwa ushuani, Uhindini ikasahaulika nusu, lakini Uswahilini ilibaki na jina lake, ikafupishwa tu kuwa uswazi. Mbaya zaidi, neno lilihama kutoka ardhini likaingia tabiani. Mtu akichelewa, akisengenya au akikuzungusha katika malipo, huambiwa aache Uswahili, na anayemwambia hivyo huwa ni Mswahili mwenzake.

Wapo wanaodhani kwamba haya yote ni suala la fedha. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipohamia ninakoishi sasa, upande wa Mikocheni, na kumfahamu jirani yangu mstaafu. Mzee huyu ana kiwanja kinachotazama barabara yenye watu wengi, pensheni yake haimfikishi mwisho wa mwezi, na geti lake lina kutu kiasi kwamba mlinzi, alipokuwa bado na mlinzi, alilifungua kwa bega. Wanawe wamemsihi abomoe kipande cha ukuta ajenge fremu mbili za kupangisha, ambazo zingemlisha bila kumsumbua mtu. Amekataa katakata, na sababu yake ni moja: “Hapa si Uswahilini.” Upande wa Magomeni, mama yangu amekuwa akiuza barafu na maandazi mlangoni kwa miaka mingi, anakusanya kodi ya vyumba vinne, na sijawahi kumsikia akikopa. Ukihesabu shilingi za mwezi, mama ni tajiri kuliko mzee yule, lakini hakuna hata mmoja kati yao anayeamini hivyo.

Shule ndiyo hukamilisha kazi. Mtoto anayesoma shule ya msingi ya serikali huambiwa anasoma “Mtakatifu Kayumba”, mzaha tuliozoea kuucheka sote, ilhali mwenzake hupelekwa kwa basi la njano kwenye shule inayofundisha kwa Kiingereza. Dada yangu analipa ada inayomkosesha usingizi, na nilipomuuliza anachonunua, alijibu kwamba anataka binti yake “asiwe na aibu mbele za watu”. Mimi na yeye tulisoma Kayumba, na huenda hayo ndiyo maelezo yote.

Sitaki pia kuipamba Uswahilini. Ni kweli kwamba wakazi wake wana fahari yao, hujiita watoto wa mjini na humcheka mtoto wa geti asiyejua kuvuka barabara ya Kariakoo, na ni kweli kwamba ukifiwa huko hukosi mkono wa kukushikia turubai. Lakini wanaousifu sana umoja huo kwa kawaida wanausifu wakiwa nyuma ya ukuta, na mimi ni mmojawapo. Nikiwa ofisini nikiulizwa ninakoishi hujibu Mikocheni haraka haraka, na Magomeni huikumbuka ninapotaka kuonekana mtu wa watu.

Pale uani nilimjibu mpwa wangu kwamba ndiyo, hawa ni Waswahili, na mimi ni Mswahili, na yeye pia ni Mswahili. Alicheka, akadhani namtania, kisha akauliza tena kwa mashaka: “Kwani sisi ni Waswahili?” Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi, na nilitegemea aniunge mkono. Badala yake aliinua uso akanitazama kana kwamba nimelitia doa jina la nyumba. “Usimfundishe mtoto maneno hayo,” alisema. “Magomeni hii viwanja vyake vilipimwa na serikali. Uswahilini ni huko Tandale.”