Shibaraku!

Wadau leo niwape hii, maana nimekaa nayo miezi kwa aibu. Nipo Tokyo nasoma, Jumamosi moja nikajiandikisha kwenye karakana ya kuchapa picha kwa mbao kule Asakusa, zile picha za zamani za waigizaji wa kabuki (maigizo ya jadi ya Kijapani), jamaa kakunja sura, macho yanataka kukutana puani, mikono ya joho imetanuka kama tanga la jahazi. Tukapewa ya Kamakura Gongoro, shujaa ambaye ukoo wa waigizaji wa kina Ichikawa Danjuro ndo wamejijengea jina naye. Mzee anayefundisha akatupa stori: wabaya wanataka kukata vichwa watu wasio na hatia, mara sauti toka nje, "Shibaraku!", yaani ngoja kwanza, ndo shujaa anaingia hivyo. Mistari myekundu usoni ni ya ushujaa, ya bluu ya waovu. Mi neno nikalikariri, hili lazima ntalitumia.

Kuchapa sasa. Kila rangi na ubao wake, unapaka rangi na gundi ya mchele, unalaza karatasi kwenye alama zake, halafu unasugua kwa kidude cha duara kilichofungwa ganda la mwanzi. Raha, ila jasho lake balaa. Nikajifuta. Nikajifuta tena. Mzee akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga, akainama. Nikajua kaikubali kazi yangu.

Nikatoka nakimbilia treni, mlango ndo unafunga, Kijapani chote kikanikimbia kichwani likabaki neno moja tu. Nikanyoosha mkono, picha kifuani, nikapiga ukelele: "SHIBARAKUUU!"

Stesheni nzima kimya. Mlango ukajifunga hivyohivyo. Ila ndani, dirishani, bibi mmoja kapakata mfuko wa vitunguu majani, akaitazama picha, akanitazama mimi, akaanza kupiga makofi. Nikasema duh, kumbe matamshi yangu safi hivi!

Mpaka nilipojiona kwenye kioo cha mashine ya soda. Alama za vidole nyekundu, toka kwenye paji mpaka kidevuni, mashavu yote mawili. Na nilikuwa nimevaa jezi yangu ya Yanga. Yanga damu damu mimi, nimeikatiza Asakusa nzima na sura ya Msimbazi.