Konda wa Umeme na Maneno 500

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mbagala kwa dada yangu kufuata pilau. Nikamkuta mpwa wangu anazunguka uani, macho juu, midomo inacheza, kama mtu anayevuta uradi. Nikadhani ni dua ya mtihani, maana yuko kidato cha nne na Novemba haimsubiri mtu. Nikasogea nisikie.

"Perspicacious, mwenye akili kali. Obsequious, mwenye kujipendekeza. Lugubrious, mwenye huzuni. Perspicacious, mwenye akili kali."

Mkononi alikuwa na bunda la karatasi zilizopigwa pini, zimetolewa kopi ya kopi mpaka herufi zimepauka. Maneno 500. Mwalimu wa tuisheni kasema atakayeyameza yote kabla ya Pre-NECTA, mtihani wa majaribio, aanze kuhesabu A ya Kiingereza. Steshenari iliyo karibu na kituo inauza bunda moja shilingi 3,000, na dada anasema siku aliyokwenda kulikuwa na foleni. Foleni! Unga ulipopanda bei hatukupanga foleni namna hiyo.

Nikamwambia, haya, nitungie sentensi. Akavuta pumzi, akasimama wima kama anaapishwa:

"Yesterday I masticated ugali with my ubiquitous family."

Jana nilitafunatafuna ugali pamoja na familia yangu iliyozagaa kila mahali. Dada, ambaye kwa Kiingereza husoma maelekezo ya dawa tu, alipiga makofi. Mimi nilikaa chini.

Kazini kwetu aliwahi kuja Mzungu mmoja, mtu mwema kabisa, aliyejifunza Kiswahili kwa kusoma kamusi usiku. Siku ya kwanza kwa mama ntilie akatangaza kwa sauti, "Mama, nina ashiki na maharage yako." Benchi zima lilianguka. Neno ni sahihi, kamusini limo, ngeli hajakosea. Ila hakuna binadamu aliyewahi kuwa na ashiki na maharage. Mama ntilie kwa huruma akamwongezea upawa mmoja. Sasa msahihishaji wa mtihani hana upawa wa kumwongezea mpwa wangu. Ana rundo la karatasi, chai imepoa, na anakutana na familia iliyozagaa.

(Majirani zetu wa Kenya wana ugonjwa huu huu mpaka kwenye Kiswahili. Miaka yote ya KCPE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, hadi ulipofanyika wa mwisho 2023, mtoto wa darasa la nane hakuruhusiwa kuamka tu ndani ya insha. Lazima arauke, tena alfajiri ya Mungu, na majogoo wawe wamewika. Sijui mtoto aliyeamka saa tatu asubuhi ya Jumapili alikuwa anapata ngapi.)

Nikaanza kulipekua lile bunda. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umekatwa kichwa, lakini chini ya ukurasa wa saba mkasi ulikuwa umesahau herufi tatu: SAT. Hapo ndipo nilipocheka mpaka dada akaja kuuliza kuna nini.

SAT ni mtihani wa Wamarekani wa kuombea chuo. Kwa miongo mingi vijana wao walikuwa wanameza maneno kama haya kwa maelfu, wakiwa na kadi ndogondogo mifukoni, kwa sababu mtihani kweli uliyauliza. Kisha wenye mtihani wao, College Board, wakaanza kujitoa polepole. Mwaka 1994 wakafuta maswali ya kutaja kinyume cha neno. Mwaka 2005 wakafuta yale ya kulinganisha jozi za maneno. Mwaka 2016 wakafuta maswali ya kujaza sentensi, ambayo ndiyo yaliyokuwa makao makuu ya "perspicacious" na ukoo wake, wakasema wazi kwamba sasa watapima maneno ambayo mwanafunzi atayakuta tena chuoni na kazini, tena yakiwa ndani ya habari yenye maana. Yaani mpwa wangu yuko Mbagala, kwenye jua la saa nane mchana, anajiandaa kwa maswali ya mtihani wa nchi nyingine, ambayo hata wenyewe wameshayaacha. Mitumba ya nguo tumeizoea. Hii ni mitumba ya mtihani.

Lakini kicheko hakikukaa. Nikamuuliza swali moja tu. Nikamwambia, ukikuta kwenye pepa ya History swali linaanza na "Account for", unatakiwa ufanye nini?

Kimya. Halafu: "Anko, si kuelezea... hesabu zake?"

Sikumcheka, maana nimewahi kuwa hapo. Kwenye moku yetu, miaka hiyo, swali lilitutaka tu-"account for" kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Rafiki yangu, kijana mwenye akili kuliko mimi na aliyekuwa anasoma Book-keeping, alichora leja. Herufi T kubwa, safi, kwa rula, debiti kushoto na krediti kulia, akaanza kupanga Waingereza upande mmoja na watumwa upande mwingine. Swali lilitaka sababu tu, na sababu zote sita za kukomeshwa kwa biashara hiyo alizijua. Alikuwa ametukaririsha sisi jana yake. Alipata sifuri kwa sababu ya maneno mawili ambayo mtoto wa miaka mitano wa London anayasikia kila siku, na ambayo hakuna bunda la shilingi 3,000 litakaloyaweka humo kwa kuwa hayana sura ya kutisha.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Watoto wetu hawaangushwi na maneno makubwa. Wanaangushwa na madogo. Wanaangushwa na yale waliyoyazoea machoni, wanayoyaruka kila siku wakidhani wanayajua.

Chukua "conductor". Mwalimu wa Fizikia anaandika ubaoni kwamba shaba ni "good conductor", yaani inapitisha umeme vizuri, na darasani kuna watoto wanaoandika huku vichwani mwao kuna kijana ananing'inia mlangoni akiita Mbagala Rangi Tatu, Mbagala Rangi Tatu. Ndiye konda pekee wanayemjua. Chukua "relief" kwenye kusoma ramani. Mimi mwenyewe, kidato cha tatu, niliulizwa nielezee "relief" ya eneo kwenye ramani, nikaandika aya nzima kuhusu mchele, mablanketi na mahema, kwa sababu redio ilikuwa inataja neno hilo kila ilipozungumzia wakimbizi. Sikujua wanataka vilima na mabonde. Chukua "solution", ambayo kipindi cha kwanza ni jibu la hesabu na kipindi cha pili ni chumvi ndani ya maji. Chukua "mean", ambayo kwenye kamusi ya mfukoni ni kumaanisha, tena ni uchoyo, na kwenye takwimu ni wastani. Mtoto anaombwa atafute uchoyo wa alama za wanafunzi 40. Anautafuta wapi?

Na haya si mawazo ya anko mwenye njaa ya pilau. Mwaka 1953 Mwingereza mmoja, Michael West, aliyefundisha miaka mingi Bengal, alichapa orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yanayotumika sana, na waliopima baadaye wakakuta yanabeba kama asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Mwaka 2000, Averil Coxhead wa New Zealand akaja na nyongeza ya koo 570 za maneno ya kitaaluma (ukoo ni neno pamoja na ndugu zake), yale ya vitabu vya masomo ya aina zote, na hizo 570 peke yake zinabeba karibu asilimia 10 ya maandishi hayo. Nenda kaangalie zilizomo: "analyse", "assess", "justify", "indicate", "comment". Ni mtihani mtupu! Baadhi yake ndizo amri ambazo maswali yetu yanaanza nazo. "Lugubrious" hayumo. Wala huyo wa kujipendekeza hayumo, pamoja na kujipendekeza kwake kote.

Na Baraza la Mitihani lenyewe halijatuficha. Kila mwaka linatoa ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, bure, ziko kwenye tovuti yao. Ukizisoma, iwe Biolojia, Jiografia au Civics, kuna malalamiko yanayorudi kama kibwagizo cha taarabu: mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini, na Kiingereza chake hakikutosha kueleza anachokijua. Sijaona palipoandikwa kwamba taifa linaangamia kwa uhaba wa "perspicacious".

Kuhusu lugha ya kufundishia, kwamba mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili halafu kidato cha kwanza anaamshwa usingizini kwa Kiingereza, sitaki kuanza leo. Nikianza hatulali.

Nitakubali machache, na nayakubali shingo upande. Kukariri si dhambi. Mimi nilimeza "nevertheless" kidato cha pili bila kuielewa vizuri, na neno hilo limenilisha mpaka leo. Sijui ningeandika barua gani ya kazi bila yake. Halafu kuna utamu wa neno kubwa mdomoni ambao siwezi kumnyima mtoto. Nilimwona alivyong'aa alipotamka "serendipity". Na yule mwalimu wa tuisheni ninayemsema hapa, nikimfikiria kwa utulivu, ana watoto 90 kwenye banda la mabati. Akiwapa insha ya kurasa mbili kila wiki, atasoma kurasa 180 saa ngapi, kwa taa ipi? Orodha haisahihishwi. Orodha inauzwa, inamezwa, mambo yanakwisha. Mzazi naye anasikia mwanawe anatoa milio ya kizungu uani, anajua hela yake imefanya kazi. Namwelewa. Bado kakosea.

Maana lipo jambo jingine linaloniuma zaidi ya alama. Tumewafundisha hawa watoto kwamba Kiingereza ni nguo ya Idi: kadiri inavyometameta ndivyo unavyoheshimika, na ukitoka bila kumeta bora ubaki ndani. Shule niliyosoma ilikuwa na kibao kwenye mlango wa ofisi ya walimu: "No English No Service". Mtoto amebanwa na tumbo, anataka ruhusa, anasimama mlangoni anatafuta sarufi. Nilimwona mmoja akigeuka na kuondoka. Alipofika wapi sisemi. Mtoto kama huyo ukimwuliza leo "hujaelewa nini?" hawezi kukwambia, kwa sababu kutoelewa neno dogo ni aibu. Kutojua "obsequious" si aibu, nani anaijua? Lakini mtu wa kidato cha nne atasimamaje mbele ya wenzake 90 aulize maana ya "whereas"? Analiruka. Analiruka miaka minne.

Baada ya pilau (dada, kama unasoma hapa, ile haikuwa na bizari ya kutosha) tulikaa barazani na pepa za miaka iliyopita. Za masomo yote, Kiingereza tukakiweka kando kabisa. Nikampa kalamu nyekundu, nikamwambia usijibu chochote. Soma maswali tu, na kila neno ambalo huwezi kumweleza mdogo wako kwa Kiswahili, lipige mstari. Ukinidanganya nitajua.

Mwanzo alikuwa anapiga mstari moja moja, kwa aibu, ananitazama kwanza. Baada ya nusu saa akaacha kunitazama. "Respectively". "Except". "Outline". "Whereas". "Prior to". "Hereunder". Tulipofika kwenye Kemia alikuwa anacheka mwenyewe. Tukaishia na maneno 61 kwenye ukurasa wa nyuma wa kaunta buku, na mimi, niliyejifanya bingwa, nilikwama kwenye mawili nikaenda chooni kuyaangalia kwenye simu. Dada alipita mara tatu kuuliza kwa nini mtoto hasomi.

Lile bunda sikulichana. Nilitaka, lakini shilingi 3,000 ni za dada.

Juzi usiku, saa nne na nusu, simu ikaita. Ujumbe wa sauti, ananong'ona, nadhani mama yake alikuwa ameshalala. "Anko samahani. Kwenye Hesabu wanaweka 'Hence'. Kipengele (a) wanasema tafuta hiki, halafu (b) wanasema 'Hence' tafuta kile. Ina maana gani? Mimi huwa nairuka tangu Form Two, naanza (b) upya."

Nilitaka kumjibu "kwa hiyo", nikaona hapana, hiyo ndiyo ya kamusi. Nikamwandikia: wanakwambia usianze upya, tumia jibu ulilolipata kwenye (a).

Alama mbili za bluu zikatokea. Akakaa kimya kama dakika tano. Kisha:

"KUMBE!! Sasa si wangesema."