Roboti ikatae breki feki, isikatae kila kipuri

Mkono wa roboti mkubwa wa kiwandani hubeba mamia ya kilo, na umeme ukikatika, kinachouzuia usianguke ni breki ndogo zilizofichwa ndani ya viungo vyake. Springi ndiyo inayobana, umeme ndio unaoachia. Mtu akifunga breki feki, yenye sura na namba ileile lakini hafifu ndani, hakuna atakayegundua. Mkono ukiwa mtupu, itashika. Itateleza siku mkono umebeba mzigo kamili na fundi yuko chini yake.

Ndiyo maana naunga mkono roboti kukagua vipuri vyake. Namba iliyochapwa juu ya kipuri haitoshi, yeyote anaweza kuinakili. Afadhali chipu ndani ya kipuri, yenye ufunguo wa siri: kidhibiti, yaani kompyuta inayoiendesha roboti, kinaipelekea chipu namba ya kubahatisha, chipu inaikokotoa kwa ufunguo huo na kurudisha jibu. Namba hubadilika kila mara, hivyo anayenasa jibu la jana hafiki popote. Jibu likiwa baya, mota zisiwashwe. Ukaguzi uwe kabla ya kazi kuanza, kwani kuisimamisha roboti ghafla mzigo ukiwa hewani ni hatari nyingine.

Hata hivyo, chipu huthibitisha asili ya kipuri, haithibitishi uzima wake. Breki halisi iliyochakaa, iliyong'olewa kwenye roboti iliyokufa, itajibu vizuri kabisa. Mimi naamini zaidi jaribio la nguvu: breki zifungwe, mota isukume kiungo kwa nguvu inayojulikana, enkoda, yaani kihisi kinachopima mkao wa kiungo, iangalie kama kimesogea. Baadhi ya roboti tayari zina jaribio hili, na linakamata breki feki na iliyochakaa kwa pamoja. Liwe lazima.

Kinachonikera ni usalama kugeuzwa kisingizio cha kufungia kila kitu, hadi feni ya kabati la umeme. Mwaka 2024 jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria inayobana watengenezaji wanaotumia programu kukataa vipuri vya wengine, lakini ni kwa vifaa vya kielektroniki vya watumiaji wa kawaida. Wenye viwanda inabidi wajitetee kwenye mkataba wa ununuzi. Waandike humo kwamba kufuli hilo la chipu liwe kwenye breki, enkoda na saketi za usalama tu, na kwamba mtengenezaji akiacha kuzalisha kipuri, amkabidhi mwenye roboti uwezo wa kuidhinisha mbadala uliofaulu jaribio, jina la aliyeidhinisha likibaki kwenye kumbukumbu ya kidhibiti.