Baba anajua mtoto yuko juzuu gani, shuleni hajui kafika wapi

Jumamosi iliyopita nilikaa kwa muda wa saa nne kwenye dawati la darasa la tatu, magoti yakinigusa kidevu, katika kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi hapa Tanga, ambayo sitaitaja kwa sababu wapwa zangu bado wanasoma pale. Ajenda zilikuwa saba. Ya kwanza ilikuwa mchango wa uji, ya pili posho ya mlinzi, ya tatu matofali ya choo, na zilizofuata hadi ya sita, kwa njia moja au nyingine, ziliishia kwenye shilingi. Taaluma ilikuwa ya saba na ilipewa dakika kumi, ambazo mwalimu alizitumia kutuarifu kwamba watoto wanafanya vibaya kwa kuwa sisi wazazi hatufuatilii.

Hatufuatilii! Pembeni yangu alikaa mvuvi wa Sahare, aliyekuja kikaoni akitokea baharini bila hata kupita nyumbani. Tulipotoka nilimuuliza mwanawe amefika wapi shuleni. Akajibu, "Yuko darasa la nne." Nikamuuliza na chuoni, kwenye madrasa ya Qur'ani, je? Hapo uso ulimchangamka. Mtoto amemaliza juzuu ya Amma, yumo ndani ya juzuu ya Tabaraka, anakwenda vizuri ila Suratul Haqqa inamsumbua, na maalim amesema arudie kila baada ya Magharibi mpaka ulimi ulainike. Huyo ndiye mzazi asiyefuatilia.

Nimeliwaza jambo hili wiki nzima, na sioni kwamba mvuvi yule ana mapenzi mawili, moja la chuoni na jingine la shuleni. Tofauti iko katika kile anachoambiwa. Maalim humsikiliza mtoto mmoja mmoja, akamweleza baba yake msikitini au njiani mahali mtoto alipofika, mahali anapokwama na la kufanya nyumbani. Shule humletea baba huyo huyo karatasi mara mbili kwa mwaka, imeandikwa kwamba mtoto ni wa 61 kati ya 104 na kwamba aongeze bidii. Bidii ya kufanya nini? Nafasi ya 61 haimwambii mtu kama mtoto anashindwa kusoma silabi za mwambatano kama "mbwa" na "nywa", au anasoma vizuri lakini haelewi alichokisoma, au haoni ubaoni kwa sababu anahitaji miwani.

Najua nitajibiwa kwamba maalim ana watoto thelathini na mwalimu wa shule ana zaidi ya mia, na jibu hilo ni la kweli, ingawa silipendi. Nakubali pia kwamba wapo wazazi ambao, tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, wanadhani serikali imechukua na kazi ya kulea. Na chuoni nako fimbo zipo, sisemi ni peponi.

Lakini mzazi asiyejua kusoma anaweza kufuatilia, na hili nalisema kwa ushahidi wa nyumbani kwetu Ngamiani. Bibi yangu alizisoma herufi za Kiarabu maisha yake yote, ila hizi za shuleni hakuzijua hata moja. Kila jioni, akiwa anaroweka mchele wa vitumbua, aliniketisha karibu na karai nimsomee kitabu changu kwa sauti. Nilipositasita aliinua kidole: "Hapo umemeza neno, rudi nyuma." Nikimaliza aliniuliza habari yenyewe ilikuwa inahusu nini, na nikibabaisha alijua papo hapo, kwa kuwa kitabu kilikuwa cha Kiswahili, na Kiswahili hakuna aliyeweza kumdanganya. Shule zetu nyingi za msingi za serikali bado zinafundisha kwa lugha hiyo hiyo. Nyumba nyingi za mji huu zina sikio kama lile la Bibi, tena lililozoea kusahihisha kisomo, na hakuna mwalimu aliyewahi kuliomba msaada. Tunaombwa matofali.

Shule ya serikali ya Wajerumani ilifunguliwa mjini hapa katika miaka ya 1890. Kwa muda wote huo ungedhani tungekuwa tumeshajifunza kuambizana jambo dogo kama ukurasa wa kusoma jioni. Badala yake tunasubiri upimaji wa darasa la nne utangaze kwamba mtoto hajui kusoma, wakati mama yake angeweza kulisikia hilo mtoto akiwa darasa la pili, kama angeambiwa asikilize nini.

Kikaoni nilinyoosha mkono, nikaomba kila Ijumaa mtoto arudi na daftari lililoandikwa mstari mmoja tu: ukurasa wa kusoma kwa sauti, na pale anapokwama. Kwa darasa la watoto mia, mwalimu anaweza kuanza na wale ishirini wanaohangaika zaidi. Mwenyekiti alinishukuru kwa hoja nzuri na kuipeleka kwenye mengineyo, na mengineyo hayakufikiwa kwa sababu adhuhuri ilikwisha adhiniwa. Nimeshaiandikia kamati ya shule barua. Nimeomba kikao kijacho hoja hiyo iwe ya kwanza, kabla ya uji.