Tembo Mmoja Kati ya Wawili

Julai Njombe si mwezi wa kumkaribisha mtu wa Bagamoyo. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuna asubuhi majani yanaamka meupe kwa sakitu. Lakini mama mkwe alishaamua kuja, nami kwa kiherehere changu nikamwambia kwenye simu: "Njoo tu Mama, gari letu lina hita."

Hita ilikuwepo. Kilichokufa ni mota ya feni, ile inayosukuma joto liingie ndani. Gari ni la mwaka 1994, kwa hiyo nikatafuta ya mtumba. Umbo lilelile, matundu ya skrubu yaleyale, soketi tu ndiyo ilikataa kuingia. Fundi umeme akasema hilo dogo, akakata soketi zote mbili na kumenya nyaya kwa meno. Nyaya za gari zina rangi. Za mota zote mbili nyeusi.

"Sasa ipi chanya?" nikauliza.

"Bosi, mota ukiipa moto inazunguka. Unataka nini tena?"

Akaunga, akaviringisha tepu, akawasha. Ikazunguka kweli. Nikalipa.

Ubaya wa mota hizi ni kwamba ukigeuza chanya na hasi, inazunguka kinyume. Na feni yake ya mapezi, hata ikienda kinyume, hewa inatokea mlemle, ila inatoka kama pumzi ya mgonjwa. Unasikia mvumo, unadhani mambo safi.

Jioni tukampokea mama mkwe stendi, khanga mbili juu ya sweta, meno yanagongana. Nikamkalisha mbele, nikaweka feni namba nne kwa mbwembwe. Ukaja uvuguvugu kidogo, na nyuma yake harufu ya mkojo wa panya. Mama ni mtu wa heshima zake, hakusema neno. Alishusha kioo. Kwenye baridi ile! Mke wangu kule nyuma alikuwa ananitazama kupitia kioo cha kati, na macho yale nayajua.

Nikakata kona moja kwa moja hadi gereji. Fundi akaweka kiganja kwenye tundu la hewa, akaguna. "Inazunguka kinyume hii." Akapiga shikamoo, akaomba radhi, akajikunja miguuni pa mama mkwe chini ya dashibodi, akaanza kubadilisha nyaya. Swichi ya gari imewashwa, feni iko namba nne, na hakuna aliyekumbuka.

Nyaya zilipogusana, gari lilikohoa. Matundu yote yakatapika kwa pamoja: vumbi, maganda ya karanga, sponji ya kiti, kinyesi cha panya kikavu. Mama mkwe aliwahi kufumba macho, mdomo ukachelewa. Kumbe panya alikuwa kajenga humo ndani kitambo, na ule upepo wa mgonjwa haukumsumbua hata kidogo.

Mwisho kabisa vikatoka vipande vya karatasi nyekundu. Wekundu ule kila Mtanzania anaujua. Kimoja kikatua begani kwa mama mkwe, juu ya khanga, kikiwa na mkonga wa tembo.

Hapa niseme kwamba mwezi Machi bahasha ya kikoba cha mke wangu, yenye noti mbili za elfu kumi, ilipotea ndani ya droo ya dashibodi. Mshtakiwa ni mimi tangu siku hiyo. Na safari ya mama, nilikuja kuambiwa baadaye, haikuwa ya kusalimia wajukuu tu. Kulikuwa na kikao.

"Umeona Mama Neema?" nilipiga kelele, natema vumbi. "Mwizi wako huyo! Panya!"

Mama mkwe akatema ganda la karanga, akawasha taa ya ndani, akaanza kuokota vipande na kuvipanga pajani. Mkonga, pembe, sikio. Alipanga taratibu, fundi bado yuko miguuni pake anaogopa kutoka.

"Baba Neema," akasema hatimaye, "tembo mmoja namwona, huyu hapa. Wa pili kaenda wapi?"

Mke wangu akajibu kutoka nyuma: "Muulize vizuri Mama. Panya hanywi bia."