Mpaka bomba lipasuke ndo waje?

Jamani hii tabia ya kusubiri bomba lipasuke ndo mafundi waonekane inakera mno. Mtaani kwetu kuna joint ya bomba la maji inavuja miezi na miezi, majani yameota pale mpaka mbuzi wanakuja kula, watu wameripoti weee, alivyokuja fundi akafunga mpira wa baiskeli akaondoka! Ilihitaji soketi tu ile, kile kipande cha kuungia bomba. Sasa limepasuka barabara imechimbika na maji hakuna.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba bomba lenyewe limepita ndani ya mtaro wa maji machafu, kwa hiyo maji yakikatwa kwenye mgao presha inaisha, yale machafu yanaingia kwenye ule ufa, maji ya bomba yakirudi watu wanakinga ndoo wanapikia watoto uji, halafu tunashangaa kipindupindu kinatoka wapi?

Chemba za maji taka nazo hazizibuliwi kabla ya masika, zinasubiriwa zifumuke. Na sisi wananchi tuache kumwaga mafuta ya chipsi na kutupa pampasi mle, mafuta yakipoa yanaganda yanashika mchanga, basi njia imekufa. Wengine wanaelekeza maji ya mvua ya paa zima kwenye chemba, na lile bomba la maji taka halikutengenezwa kubeba mvua aisee!

Kukagua vali, kuhamisha mabomba yatoke mitaroni, kuzibua chemba kabla ya Machi, hayo yanashindikana nini? Bili mbona haichelewi hata siku moja.